Ukitaka Kumuenzi Askari Mstaafu, Anza na Makaratasi Yake

Baba mkubwa wangu alikuwa askari wa kazi. Aliandikishwa JWTZ angali kijana mbichi mwanzoni mwa miaka ya sabini, akavuka mpaka wa Uganda pale Mutukula na kikosi chake Januari 1979 katika Vita vya Kagera, akafika Kampala, akarudi na kuendelea na jeshi mpaka akastaafu akiwa afisa mteule. Sehemu kubwa ya utumishi wake alikuwa karani wa kombania. Hilo la ukarani mlishike, maana ndilo lililomfanya awe tegemeo la wenzake baada ya kuvua sare.

Aliporudi nyumbani, mkoani Mara, hakuna ambaye angemlaumu kama angekaa na ng'ombe wake akapumzika. Lakini sebule yake iligeuka ofisi. Wastaafu walikuja kwa baiskeli, wajane wakaja na watoto mgongoni, kila mmoja na mfuko wa rambo uliojaa karatasi. Kina mama walimwita shemeji. Wanaume walimwita afande, hata wale waliostaafu na cheo kikubwa kuliko chake. Hakumtoza mtu hata senti. Macho yake yalipoanza kufifia kwa mtoto wa jicho, mimi nikawa namwandikia barua na kumsomea majibu. Kwa hiyo ninayoyasema hapa nimeyaona pale mezani kwake, na nayaandika kwa ajili yako wewe mwenye baba, mjomba au babu aliyewahi kuvaa kombati.

Wakati hautusubiri. Jenerali David Musuguri, aliyeiongoza Divisheni ya 20 katika Vita vya Kagera na kisha kuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988, alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104, na nchi nzima ilimlilia. Alistahili. Lakini hata kuruta aliyekuwa na miaka 20 vita vilipoanza sasa anakaribia 70 au ameshaipita, na wenzake wanaondoka kila mwaka huko vijijini bila gazeti kuandika.

Chombo cha kazi cha baba mkubwa kilikuwa kaunta buku moja nene lenye jalada jeusi. Kila askari alikuwa na ukurasa wake: jina kama lilivyoandikwa jeshini, namba ya jeshi, kikosi alichoanzia na alichomalizia, tarehe ya kuandikishwa na ya kutoka, majina ya mke na watoto, benki anayochukulia pensheni. Mwisho wa ukurasa kulikuwa na mstari ambao sijauona kwenye fomu yoyote ya serikali: jina la mwenzake mmoja aliye hai, aliyekuwa naye kikosi kimoja, anayeweza kusimama na kusema "huyu namfahamu". Mstari ule umeokoa watu wengi. Karatasi huliwa na mchwa, nyumba huungua, lakini askari aliyelala na mwenzake handaki moja hamsahau. Anza na daftari kama hilo kwa mzee wako. Kaa naye, muulize pole pole, andika. Namba ya jeshi ataitaja bila hata kufikiri, hata kama jina la mjukuu wake limempotea.

Ugumu utakuja kwenye majina. Rudi nyuma mpaka Novemba 1978. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera, daraja la Kyaka limevunjwa, na Mwalimu Nyerere ametangaza kwamba sababu, nia na uwezo wa kumpiga tunao. Jeshi lililokuwa na askari wasiofika 40,000 likapanuliwa haraka hadi kupita 100,000, kwa kuchukua mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT. Katika haraka ile mwandikishaji aliandika alichosikia. Mtu akaingia kwa jina la babu yake, mwingine kwa jina la ubatizo pekee, mwingine herufi ya L ikawa R kwa sababu ndivyo kwao wanavyotamka. Miaka mingi baadaye kitambulisho cha NIDA kinasema hivi, kadi ya benki inasema vile, na hati ya kustaafu inasema la tatu. Mzee akiwa hai, jambo hili linarekebishika kwa kiapo cha majina mbele ya wakili au hakimu, yeye mwenyewe akiapa kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Akishafariki, mzigo ule unamwangukia mjane, na nimeona wajane wakipigwa tarehe ofisi moja hadi nyingine kwa sababu ya herufi moja. Tafadhali, katika makaratasi yote, lifanyeni hili kwanza.

La pili kwa uzito ni ndoa. Wengi wa wazee hawa walioa kwa mila: ng'ombe walitoka, wazee wakala, maisha yakaanza, cheti hakuna. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya kimila, na inawapa nafasi hata walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawajua kama mume na mke. Ila kutambuliwa na sheria na kuthibitisha dirishani ni mambo mawili. Baba mkubwa alikuwa akiwashauri wenzake wakaisajili ndoa wakingali wote wawili wana nguvu za kutembea. Wengine walicheka, wakasema mke wangu nimezaa naye watoto saba, cheti cha nini? Aliwajibu kwa upole kwamba karani wa mirathi hajawahi kula ubwabwa wa harusi yenu.

Kumbuka pia uhakiki. Wizara ya Fedha huwaita mara kwa mara wastaafu wanaolipwa na Hazina wakahakikiwe, na asiyejitokeza anaweza kusimamishiwa malipo. Tangazo hutoka redioni, kwenye magazeti na mitandaoni. Mzee aliye kijijini bila simu ya maana hatalisikia. Hapo wewe kijana wa mjini, unayeshinda na simu mkononi, ndipo unapohitajika.

Na kuna matapeli. Walifika kwetu zaidi ya mara moja, wamevaa vizuri, wana mihuri, wakidai kuna fedha za vita zimetoka na anayezitaka alipie fomu. Baba mkubwa alikuwa na swali moja tu kwao: barua ya kuwatambulisha kwa mkuu wa wilaya iko wapi? Mfundishe mzee wako swali hilo. Mwambie haki ya askari hailipiwi fomu uchochoroni, na asimpe mtu hati halisi, ampe nakala.

Nirudi kwenye mgambo, maana hapo ndipo moyo wangu unapouma zaidi. Wale walitoka mashambani, wakapigana bega kwa bega na askari wa kudumu, wakatembea kwa miguu Mutukula hadi Masaka, Masaka hadi Lukaya, na kuendelea mbele. Vita vilipokwisha katikati ya 1979, wengi walirudishwa vijijini kushika jembe. Hawana pensheni ya kila mwezi ya kufuatilia. Baba mkubwa aliwaandika kwenye kaunta buku lile lile, kurasa zile zile, bila kuwatenga. Nilimuuliza faida yake ni nini ikiwa hakuna malipo. Akasema wakifa lazima awepo mtu wa kusimama kaburini na kutaja kikosi chao. Na alifanya hivyo. Nimemsindikiza kwenye mazishi ya watu ambao hata watoto wao hawakujua kwamba baba yao alikuwa kwenye mapigano ya Lukaya, Uganda, usiku ule wa Machi 1979.

Watoto hawakujua kwa sababu hawakuuliza, au waliuliza vibaya. Swali la vijana huwa lile lile: "Babu, uliua wangapi?" Hapo mzee anafunga mdomo, na usiku ule halali. Baba mkubwa alinifundisha kuuliza vingine. Mlikuwa mnakula nini? Viatu vilikuisha wapi? Nani alikuwa anaimba kwenye platuni yenu? Barua ya kwanza kutoka nyumbani ilikukuta wapi? Maswali hayo humfungua mtu, na yale mazito huja yenyewe siku akitaka. Asipotaka, mwache. Kama anashtuka kwa fataki za mwaka mpya au anaamka usiku akipiga kelele, hilo si wazimu wala majini. Mpeleke hospitali, na usimwache avumilie peke yake.

Siku ya Mashujaa, Julai 25, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime. Naipenda siku ile. Baba mkubwa alikuwa akivaa nishani zake asubuhi, anasikiliza redio amesimama mpaka tarumbeta inyamaze. Kisha anaketi, anafungua daftari, tunaanza kupiga simu kwa walio hai mmoja mmoja, kujua nani anaumwa na nani amehama.

Kazi hiyo ya simu ndiyo ninayoiendeleza sasa, na ndiyo nakuomba uanze nayo wiki hii, kabla hata ya kwenda kwa wakili. Muulize mzee wako alikuwa na nani kikosini, ambaye hajaongea naye siku nyingi. Chukua jina na kijiji, ulizia kwa mwenyekiti wa kijiji hicho au kwa wastaafu wenzake wa MUWAWATA, muungano wa wanajeshi wastaafu, mpaka upate namba. Ukiipata, weka salio la kutosha, washa spika, mpe mzee simu. Kalamu na daftari viwe karibu: majina, tarehe na vikosi ulivyovitafuta kwa wiki nzima vitatoka vyenyewe wakianza kubishana.