Ambilanse ya kulipia, oksijeni tupu: nani atajibu?

SWALI: Bwana Avoka, jambo. Tuko wa Katuba, hapa Lubumbashi. Baba mkubwa alikosa pumzi usiku, tukaita ambilanse ya prive, tukalipa mbele. Kumbe chupa ya oksijeni iko tupu, infirmie hakuangalia mbele ya kutoka. Akafia njiani. Sasa patro anasema kosa ni ya infirmie, eti ameisha kumfukuza, tumfuate yeye mwenyewe. Ameleta na karatasi ya kusaini ndio atoe pesa ya matanga. Tufanye je?

JIBU: Mama, pole sana na kilio. Ile karatasi musisaini hata kidogo! Kama imeandikwa kwamba familia haidai kitu tena, ile pesa ya matanga njo itakuwa malipo yenu yote, na patro anajua, ndio maana ana haraka hivi.

Kumfukuza infirmie hakumuondoshee patro deni. Kode sivile yetu ya Kongo, kitabu cha 3, ile dekre ya tarehe 30/7/1888, artikle 260 inasema bwana-kazi anajibu juu ya hasara yenye mtu wake ameleta ndani ya kazi yenye alimupa. Na sheria haimpe mlango wa kusema "mimi nilichagua mtu muzuri, nilimuonya", ule mlango uliachiwa wazazi na walimu, si patro. Hata kama infirmie hakuwa na kontra ya maandishi, tribinali inaangalia nani alikuwa anamtuma na kumuamuru usiku ule. Na tuseme ukweli, chupa tupu ni kosa ya kampuni yenyewe pia, nani alipaswa kuijaza?

Lakini ninyi njo mutaonyesha mambo mawili, kwamba kulikuwa uzembe, na kwamba uzembe ule njo ulileta kifo. Hapo ndipo kesi nyingi zinaanguka, avoka wao atasema mzee angekufa tu. Kwa hiyo tafuteni sasa, mbele watu wasahau: resi ya malipo, simu zenye mulipiga na saa yake, majina ya wote walikuwa ndani ya gari, na karatasi ya munganga wa lopitali kwenye mulifikia, aandike alikuta mzee katika hali gani.

Halafu muende parke, ile ofisi ya waendesha mashtaka ya serikali, muweke plainte (mashtaka yenu). Kuua bila kukusudia, kode penal artikle 53, ni jela ya miezi 3 mpaka miaka 2. Jela ni ya mwenye alikosa, lakini mukiingia kama parti sivile, ni kusema wenye kudai malipo ya hasara ndani ya kesi ile, munaomba kampuni iitwe palepale kama mujibu wa hasara, na pesa itoke kwake maana infirmie mwenye kufukuzwa atalipa na nini? Musichelewe, ile kesi ya penal inazeeka kisha miaka 3, hapo hamuwezi kuifungua tena. Kama pesa ya avoka hakuna, baro, ile chama cha ma-avoka, iko na biro ya konsiltasio ya bure, muende na resi ile mkononi.