Nakaimu Mwezi wa 14, Cheo Kapewa Niliyemfundisha

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 34, niko kwenye benki moja kubwa hapa Mwanza. Machi mwaka jana mkuu wa kitengo cha mikopo alihamishwa, meneja akaniita akasema, "Shikilia hapo kwa muda." Nimeshikilia mpaka leo, bila barua wala posho. Katikati nikaenda likizo ya uzazi, siku 84. Wiki mbili zilizopita nimerudi, nikakuta nafasi ilishatangazwa, usaili umefanyika, na amepewa kijana niliyemfundisha mwenyewe kusoma mahesabu ya mteja. Tarehe mosi namkabidhi ofisi. Nilipouliza, meneja akasema, "Una mtoto mchanga, tulia kwanza." Siku hizi nikifika getini miguu inakuwa mizito. Niache kazi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache, angalau si mwezi huu.

Nimefanya kazi kwenye ofisi ya utumishi miaka 19, na vikao vya kupandisha vyeo nimevikalia vingi. Jina likitajwa, jalada linafunguliwa. Kuna dada mmoja aliendesha stoo yetu miaka miwili, kila mtu akimwita bosi. Siku ya kikao, jalada lake la kijani lilikuwa na barua ya ajira na fomu za likizo, basi. Hakuna karatasi iliyosema aliwahi kukaimu. Akarukwa, na mimi niliweka saini kwenye muhtasari ule. Jambo hilo linaniuma hadi leo, ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu.

Kwa hiyo, leo usiku mtoto akilala, chukua daftari. Andika tarehe uliyoambiwa "shikilia", nani alikuwepo, mikopo uliyopitisha, ripoti ulizotia saini kama kaimu. Kisha andika maneno ya "tulia kwanza" kama yalivyosemwa, pamoja na siku na saa.

Maneno hayo ni mazito kuliko unavyodhani. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kazini, na kinataja jinsia na ujauzito, na upandishaji vyeo umo ndani yake. Ukionyesha dalili za ubaguzi, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba haukuwepo. Mwandikie meneja barua fupi isiyo na hasira: uliuliza nini, ulijibiwa nini, na vigezo vya usaili vilikuwa vipi. Nakala iende utumishi. Posho ya kukaimu itafute kwenye kanuni za utumishi za benki yenu au mkataba wa hali bora (makubaliano ya mwajiri na chama cha wafanyakazi), maana kila mwajiri ana utaratibu wake. Kama tawi lenu lina mwakilishi wa chama cha wafanyakazi cha TUICO, aione barua kabla hujaipeleka.

Wasipokujibu, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Mgogoro kama huu, ambao si wa kuachishwa kazi, hupelekwa ndani ya siku 60. Wiki mbili zimeshakwenda, kwa hiyo usikae ukingoja mwisho wa mwaka.

Huyo kijana usimnunie. Hakujipa cheo. Mkabidhi ofisi kwa maandishi, orodha ya majalada na hatua ya kila moja, nyote wawili mtie saini. Nayo itakuwa ushahidi wa kazi uliyokuwa unaifanya. Wenzako kwenye kitengo wanatazama. Mtu anaweza kuvumilia mshahara mdogo miaka mingi, lakini akimwona mwenzake amebeba kazi kisha akarukwa, na yeye anaanza kufanya kazi kwa kutimiza saa tu. Nimeona vitengo vizima vikipoa hivyo, na wakubwa wakashangaa.

Halafu, je, unatoka kwenda kunyonyesha? Sheria inakupa hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Zichukue.

Nakala za barua zako weka nyumbani, usiziache kwenye kompyuta ya ofisi.