Nimlipie Ada, Kisha Aondoke?

Ndugu wahariri, nina duka la vifaa vya ujenzi Tabora mjini, wafanyakazi 12. Karani wangu wa hesabu ana astashahada na anaomba nimlipie stashahada ya uhasibu, miaka miwili. Ni mwaminifu na kazi anaijua. Lakini wa kwanza niliyemsomesha aliondoka mara tu alipohitimu. Safari hii nifanyeje? M.K., Tabora

Mlipie. Ila kabla hujatoa hata shilingi, jibu swali hili kwa maandishi: siku akileta cheti, atafanya kazi gani na kwa mshahara gani?

Ada humshika mtu akiwa bado masomoni. Akishahitimu, kinachomshika ni nafasi uliyompa. Mwaka 2004 watafiti Benson, Finegold na Mohrman walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa kampuni moja kubwa ya Marekani iliyokuwa ikirudisha ada za masomo. Waliokuwa bado wanasoma waliacha kazi kwa nadra. Waliopata shahada ya juu waliondoka kwa wingi zaidi, isipokuwa wale waliopandishwa cheo baada ya kuhitimu. Tabora si Marekani, lakini sababu ni ileile. Cheti cha uhasibu kinasomeka popote. Mwajiri wa Mwanza au Dar es Salaam ataulipa ujuzi mpya, wakati wewe bado unamlipa kama karani. Huenda hicho ndicho kilichomwondoa yule wa kwanza.

Kwa hiyo andikeni ukurasa mmoja: akifaulu, atakuwa mhasibu msaidizi, ataandaa ritani za kodi na kusimamia stoo, na mshahara utapanda kwa kiasi mlichokubaliana kuanzia mwezi unaofuata matokeo. Kama duka haliwezi kubeba mshahara huo, mwambie sasa. Pengine kozi fupi inawatosha wote wawili.

Kuhusu kulipa, usimwambie alipe kwanza halafu umrudishie. Anayepokea laki tatu na nusu kwa mwezi hatoi laki sita za muhula mfukoni. Ataishia kukopa kwa riba au kuacha chuo. Lipa muhula kwa muhula, moja kwa moja chuoni. Vyuo vya serikali vinatoa kontroli namba, yaani namba ya kulipia, na risiti ibaki kwenye faili lake. Malipo ya muhula unaofuata yatoke baada ya kuona matokeo. Kubalianeni mapema nani analipia usajili, mitihani, vitabu na nauli, maana magomvi mengi huanzia hapo, si kwenye ada yenyewe. Sapu, yaani mtihani wa kurudia somo aliloshindwa, alipe mwenyewe ni haki. Akiugua na kuahirisha muhula, asihesabiwe kosa.

Muda ni gharama kuliko watu wanavyodhani. Tafuteni chuo kisichomtoa mjini: Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi Tabora, na Chuo Kikuu Huria kina kituo cha mkoa. Ulizeni kwanza kama kozi yenyewe ipo na ratiba yake ikoje. Siku za mitihani zipangwe kwa maandishi, zisiliwe kimyakimya kwenye likizo yake ya siku 28 ya kila mwaka. Asiyepumzika miaka miwili mfululizo atafeli, au atahitimu akiwa amekuchoka.

Mkataba wa kutumikia baada ya masomo unafaa, lakini uwe na kiasi. Mwezi mmoja kazini kwa kila mwezi wa masomo unatosha, na deni lipungue kila mwezi. Tuseme umelipa 2,400,000 na muda ni miezi 24: kila mwezi unafuta 100,000. Akiondoka baada ya miezi 15 anadaiwa 900,000, si zote. Ongezeni kwamba ukimpunguza kazini wewe, deni linakufa. Mkataba unaodai fedha zote hadi siku ya mwisho humfanya mtu atoroke mapema, kwa kuwa kubaki hakumpunguzii chochote.

Fungua mlango huo kwa wafanyakazi wote kwa sharti moja, mathalani mwaka mzima kazini na kozi inayohusu kazi. Ukimchagua mmoja bila kanuni, utambakiza yeye na kuwapoteza wawili.

Shikamooni. Nafanya kazi zahanati binafsi, Urambo. Mwajiri alinilipia kozi, nikasaini kutumikia miaka mitatu. Nimebakiza miezi tisa na nimepata kazi Kigoma. Anasema mshahara wangu wa mwisho wote ni wake, na vyeti vyangu halisi amevifungia kabatini. Muuguzi, Urambo

Marahaba. Deni ulilosaini ni deni; usilikimbie. Soma kama mkataba unasema linapungua. Kama hausemi, mpe hesabu ya miezi tisa kati ya 36, yaani robo ya alicholipa, na pendekeza kulipa kwa awamu.

Lakini vyeti ni vyako, si dhamana yake. Na chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiri hakati mshahara kwa deni bila wewe kukubali makato hayo kwa maandishi. Ukiondoka anapaswa kukulipa siku ulizofanya kazi na likizo unayodai, na kukupa cheti cha utumishi. Wewe nawe toa notisi ya maandishi: kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Bakiza nakala yenye saini ya kupokelewa.

Akigoma, jaza fomu namba 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Mgogoro wa aina hii hupelekwa ndani ya siku 60. Siku 30 ni za kupinga kuachishwa kazi. Usiache kazi ghafla kwa hasira, utampa hoja ya pili dhidi yako.

Nina karakana ya injini za boti Ujiji. Mafundi wangu wanne ni hodari ila hawana cheti hata kimoja. Siwezi kuwapeleka chuo miaka miwili. Fundi mkuu, Kigoma

Huna haja. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini: fundi anapimwa kwa vitendo, anafundishwa pale alipopungukiwa, kisha anapewa cheti. Nenda chuo cha VETA Kigoma ukaulize kama fani ya injini imo kwenye zamu ijayo na gharama kwa kila mtu. Peleka wawili kwanza, wawili wabaki na kazi za wavuvi. Panga mapema nyongeza ya mshahara siku cheti kinapotoka, maana hata hawa watatafutwa na wenye boti wengine.