Dogo, usizidishe derivativu! Mimi nilishaliwa Mwanjelwa

Dogo wa Mafinga, weka kalamu chini. Umeandika kwamba (x² + 3)(x³ − 5) umediferenshieti (yaani umetafuta derivativu, kasi ya kubadilika) kila bano kivyake, 2x mara 3x², ukapata 6x³, na mwalimu wenu wa tuisheni kasema hiyo "njia fupi" inafanya kazi hata kwenye kugawanya. Kwanza ifute hiyo 6x³, inanitia kichefuchefu.

Mimi tano na sita nimesomea hapa Mbeya. Jioni tulikuwa tunabanana kwenye chumba nyuma ya maduka Mwanjelwa, baridi ya Juni inapenya chini ya mlango, tunamsikiliza kaka mmoja aliyejiita Profesa. Shilingi 10,000 kwa mwezi, unalipa kabla ya kukaa. Kanjanja yule alijua kuongea, siwezi kumnyima. "Kwenye kujumlisha si mnadiferenshieti kila kipande peke yake? Basi kuzidisha na kugawanya ni vilevile. Walimu wenu wanapenda kurefusha tu." Tukacheka, tukaandika. Mimi nikaizungushia na peni nyekundu kabisa.

Mtihani wa majaribio ukaja. Tafuta thamani kubwa kabisa ya x/(x² + 4) kwa x chanya, kisha vipengele vingine vitatu vinavyotegemea jibu hilo, kimojawapo kuchora grafu. Nikafanya uprofesa: juu 1, chini 2x, basi 1/(2x). Nikaiweka sawa na sifuri, maana kileleni derivativu huwa sifuri. Haiwezekani, juu kuna moja. Mwenye akili zake angeshtuka hapo. Mimi nikaandika, tena nikapigia mistari miwili: "Grafu hii haina kilele." Halafu nikachora mstari unapanda, unapanda, mpaka ukingo wa karatasi.

Sasa tazama. Weka x = 1, unapata 0.2. Weka 2, unapata 0.25. Weka 3, unapata 0.23 na ushee. Imepanda, imeshuka! Mtoto wa darasa la saba angeona. Vipengele vyote vinne vikaenda na maji. Mwalimu akanirudishia karatasi kaandika pembeni: "Na Loleza je, nao hauna kilele?" Darasa zima likasoma. Mpaka leo kuna jamaa tukikutana Kabwe ananiita Loleza. Poa tu, ni mlima mzuri.

Ilivyotakiwa: juu ni u, chini ni v, derivativu zao ni u′ na v′, na derivativu ya yote ni (v·u′ − u·v′) yote gawanya kwa v². Hapo unapata (4 − x²)/(x² + 4)², kilele kipo x = 2, thamani 1/4. Mistari mitatu, basi.

Kwa nini kuzidisha derivativu ni uongo? Chukua shamba la viazi, mita 10 kwa 20. Ongeza sentimita 10 kwenye urefu na 10 kwenye upana: 10.1 × 20.1 = 203.01. Zimeongezeka mita za mraba 3.01. Ukanda mmoja una 2, mwingine una 1, na kule pembeni kuna kijikona cha 0.01. Kanuni ya zao (zao la kuzidisha, si la shambani), u′v + uv′, ni zile kanda mbili, u na v zikiwa pande za shamba. Profesa na u′ mara v′ yake alikuwa anatuhesabia kijikona!

Najitetea kidogo: Leibniz mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa hesabu hizi za derivativu, mwaka 1675 alijiuliza kwenye karatasi zake kama kwenye zao unazidisha tu derivativu, akagundua sivyo, na mwaka 1684 akachapisha kanuni sahihi. Ila yeye hakumtoza mtu 10,000 kwa mwezi.

Sasa shika hili moja. Ukipewa kanuni na yeyote, hata mimi, ijaribu kwanza kwenye kitu ambacho jibu lake unalijua. x² mara x³ ni x⁵, derivativu 5x⁴. Njia fupi inakupa 6x³. Imekufa hapohapo. Kugawanya: x⁵ kwa x² ni x³, derivativu 3x². Njia fupi inakupa 2.5x³, imekufa tena. Na ukianza na u·v′ pale juu utapata −3x², alama tu imegeuka. Hilo nililifanya kwenye marudio, maana nilikariri kwamba u inatangulia v kwenye alfabeti. Msicheke.

Jaribio lenyewe halimalizi dakika. Ningelifanya siku ile Mwanjelwa, ningekula chipsi kwa ile hela.

Haya, swali lako. Fungua mabano: x⁵ + 3x³ − 5x² − 15. Diferenshieti kipande kimoja kimoja. Halafu rudia kwa kanuni ya zao. Zote zikikupa 5x⁴ + 9x² − 10x, mpelekee huyo mwalimu wenu na udai chako mapema. Wangu nilipomfuata alikuwa keshahamia Tunduma.