Mnaoanza kazi ya graniti na bati: tembeeni na sumaku

Wengi mkifika Kyerwa, mkoani Kagera, kwa mara ya kwanza mnapima madini ya bati ndani ya graniti, mnakuta gramu chache tu kwa tani, mnaiacha. Nami nilianza hivyohivyo. Lakini bati la Kyerwa na Karagwe halikubaki kwenye graniti. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka uliozaa graniti, ilipopoa, takriban miaka bilioni moja iliyopita, bati lilitoka na maji moto, likaganda kwenye mishipa ya kwatzi inayokata miamba ya jirani. Graniti tunaipima ili tujue kama ndiyo mzazi.

Anza palepale mlimani. Chagua jiwe bichi, maana lililooza na kuwa jekundu limeshapoteza magnetiti yake, yale madini meusi ya chuma yanayonaswa na sumaku. Liponde kati ya mawe mawili, si kwa nyundo, kwani vumbi la chuma cha nyundo nalo hunasa. Kisha pitisha sumaku juu ya unga. Ikitoka na ndevu nyeusi, magma hiyo ilikuwa na oksijeni nyingi: bati liliingia mapema kwenye magnetiti na titaniti (madini yenye titani), likatawanyika. Huko atafute mtu wa shaba. Sumaku ikitoka safi, na jiwe lina ulanga mweupe unaometameta, usiondoke. Katika magma ya namna hiyo madini ya mwanzo hayalipokei bati, kwa hiyo hubaki kwenye ujiuji na kuzidi kadiri mwamba unavyoganda. Mwanajiolojia Ishihara wa Japani aliyatenganisha makundi haya mawili mwaka 1977, na hadi leo sijaona kipimo cha bei nafuu kinachosema mengi kiasi hiki.

Majibu ya maabara yakirudi, gawanya potasiamu kwa rubidiamu. Angalia hapa, wengi huteleza: maabara huandika oksidi ya potasiamu, kwa hiyo zidisha kwanza kwa 0.83. Oksidi asilimia 4.8 ni potasiamu takriban gramu 39,800 kwa tani. Rubidiamu ikiwa gramu 400, uwiano ni karibu 100. Graniti za kawaida ziko juu ya 200. Ukishuka hadi 100, na bariamu na strontiamu nazo zimepungua sana, ujue magma ilibadilika sana kadiri ilivyoganda, na bati lilipata nafasi ya kuzidi kwenye ujiuji uliobaki.

Na ulizeni sampuli inasagwa kwa kinu gani. Kuna mwaka sampuli zetu zote zilirudi na wolframu (ndiyo tangsteni) ya kutisha. Tukapanda mlima upya wiki nzima kutafuta mishipa, hatukuona hata mmoja. Jibu lilikuwa kwenye safu ya kobalti, ambayo hatukuwa tumeitazama: nayo ilikuwa juu, wakati graniti nyeupe kama ile karibu haina kobalti kabisa. Kinu kilikuwa cha kabidi ya tangsteni, na kobalti ndiyo gundi yake. Siku hizi fomu naijaza mwenyewe: kinu cha chuma, na kwa bati sampuli iyeyushwe kwa peroksidi ya sodiamu, kwa sababu asidi pekee huliacha kasiteriti, yaani madini yanayobeba bati, chini ya chombo likiwa zima.