Miezi tisa ya goti: majibu ya maswali yenu

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu goti, hasa ile kano ya ndani ambayo wachezaji wenyewe huiita ACL. Nimefanya kazi ya fiziotherapia kwa miaka mingi na hakuna jeraha linaloniuma kama hili. Vijana wengi niliowaona wakiacha mpira moja kwa moja walikuwa wamekwisha kupasuliwa na wanaendelea vizuri, ila wakarudishwa uwanjani kabla ya wakati.

Mfupa ukivunjika mtu anafungwa plasta, miezi michache anatembea. Iweje goti ambalo halijavunjika lichukue miezi tisa? Rodri wa Manchester City alikosa karibu msimu mzima. (Msomaji, Temeke)

Mfupa una damu ya kutosha, na ukivunjika unaota mfupa mwingine wa aina ileile. ACL haina bahati hiyo. Imekaa katikati ya goti, inaogelea kwenye majimaji ya kiungo, na ikikatika ncha zake huwa kama kamba iliyochanika nyuzi nyuzi. Mara nyingi hazishikani tena zenyewe. Kwa hiyo kwa kawaida daktari haishoni ile ya zamani. Anachukua kipande cha kano sehemu nyingine, chini ya pia ya goti au nyuma ya paja, anatoboa tundu kwenye mfupa wa paja na kwenye muundi, anakipitisha humo na kukikaza.

Kinachofuata ndicho ambacho mashabiki wengi hawaambiwi. Siku ya kwanza kile kipande kina nguvu. Lakini kimekatiwa damu, kwa hiyo seli zake zinakufa, kisha mwili unaingiza mishipa mipya na kuanza kukijenga upya taratibu. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 hivi kinakuwa dhaifu kuliko siku kilipowekwa. Na huo ndio wakati mchezaji anaanza kujisikia mzima: uvimbe umeshuka, magongo yako nyuma ya mlango, anapanda ngazi bila kushika ukuta. Ujenzi wa ndani unaendelea mwaka mzima na zaidi.

Halafu kuna paja. Mimi hutumia utepe wa fundi cherehani. Napima sentimita 15 juu ya pia ya goti, naweka alama ya kalamu, nazungusha utepe kwenye paja la mguu usioumia, kisha kwenye paja la goti lililopasuliwa. Wiki chache baada ya upasuaji kukuta tofauti ya sentimita mbili au tatu ni jambo la kawaida. Mchezaji akiuona mwenyewe ule utepe huwa ananyamaza. Nyama iliyopotea kwa wiki chache inarudi kwa miezi, kwa jasho.

Rodri aliumia tarehe 22 Septemba 2024 kwenye mechi na Arsenal. Mwezi uliofuata akaenda kupokea Ballon d'Or akitembelea magongo. Tarehe 20 Mei 2025 akaingia kutoka benchi dhidi ya Bournemouth, karibu miezi minane baadaye. Mwezi Juni, kwenye Kombe la Dunia la Klabu kule Marekani, akapata tatizo jingine katika mechi na Al Hilal, na Oktoba akatoka mapema kwa nyama za paja dhidi ya Brentford. Huyo ana klabu tajiri na wataalamu wanaomwangalia asubuhi na jioni, na bado mwili wake ulihitaji muda mwingine baada ya kurudi.

Shikamoo. Nina miaka 19, ni winga. Nimepasuliwa ACL miezi mitano iliyopita. Sina maumivu na nakimbia vizuri. Mwezi ujao tuna fainali ya ndondo, kocha anasema nicheze hata dakika 30. Nifanyeje? (Mchezaji, Morogoro)

Marahaba, mdogo wangu. Usicheze.

Kutosikia maumivu hakuniambii chochote kuhusu kile kipande kilichomo ndani. Watafiti wa Norway na Marekani waliwafuatilia watu 106 waliopasuliwa ACL, wa michezo ya kukata kona na kuruka kama huu wetu, na mwaka 2016 wakachapisha walichokiona: kila mwezi mmoja ambao mtu alichelewa kurudi, mpaka kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza kuumia tena kwa asilimia 51. Mwezi wa sita tangu upasuliwe, ambao ndio wa fainali yenu, bado uko mbali na hapo.

Na hata mwezi wa tisa ukifika, tarehe peke yake haitoshi. Kuna mtihani, ufanye mbele ya mtaalamu wako, usiufanye peke yako nyumbani. Unachorwa mstari wa chaki sakafuni. Unasimama kwa mguu mzima, unaruka mbele mara moja, unatua kwa mguu uleule na kutulia bila kuyumba. Anaweka alama kwenye kisigino. Kisha mguu uliopasuliwa. Kama ule mzima umefika sentimita 150, huu usipungue 135. Wakati unatua, mtaalamu hatazami chaki, anatazama goti. Likiinama kuelekea ndani, kuufuata mguu wa pili, bado hujawa tayari hata kama umeruka mbali.

Sisi tuliokuwa tukitazama mpira mwaka 2000 tunamkumbuka Ronaldo wa Brazil. Novemba 1999, akiwa Inter, aliumia kano ya pia ya goti kwenye mechi na Lecce. Kano nyingine hiyo, lakini somo ni lilelile. Alipasuliwa, na tarehe 12 Aprili 2000 akaingizwa kwenye fainali ya Coppa Italia dhidi ya Lazio mjini Roma. Hakumaliza hata dakika kumi. Alikuwa na mpira mguuni, akapepesa mguu kumhadaa beki, goti likamwachia. Alianguka akilishika goti kwa mikono miwili, na sura yake siku ile sijaisahau. Safari hii ilimchukua zaidi ya mwaka. Alipopewa muda wa kutosha alikwenda Kombe la Dunia la 2002, akafunga mabao 8, mawili kati ya hayo kwenye fainali na Ujerumani.

Najua kumkatalia kocha ni kugumu ukiwa na miaka 19. Virgil van Dijk alipasuka ACL Oktoba 2020 kwenye mechi na Everton. Uholanzi wakaenda Euro Juni 2021, naye ndiye nahodha wao. Alikataa kwenda, akabaki na mazoezi yake, na Agosti akaanza ligi na Liverpool. Wewe kimbia, piga pasi, fanya mazoezi ya paja kila siku, ila usigombanie mpira na mtu. Kocha mwonyeshe jibu hili. Akikasirika, mwambie nimesema mimi.

Mbona Roberto Baggio alirudi chini ya miezi mitatu? Au madaktari wa siku hizi wanaogopa tu? (Msomaji, Mombasa)

Ni kweli kabisa. Aliumia mwishoni mwa Januari 2002 akiwa Brescia, akarudi Aprili dhidi ya Fiorentina na kufunga mabao mawili. Alikuwa anaitaka Kombe la Dunia kwa roho yake yote, na mwishowe kocha wa Italia, Trapattoni, hakumchukua. Namheshimu sana Baggio, lakini siwezi kumtumia kama kipimo. Tunamkumbuka yeye kwa sababu alifanikiwa. Waliojaribu hivyo wakapasuka tena hakuna anayewataja.

Kwenye klabu kubwa za Ulaya, uchunguzi wa muda mrefu uliofanywa chini ya UEFA ulionyesha wastani wa miezi 7.4 mpaka mechi ya kwanza. Hao ni watu ambao kazi yao ni kupona. Miaka mitatu baadaye, asilimia 65 tu ndio waliokuwa bado wanacheza kiwango cha juu. Mchezaji wetu anayepanda daladala mbili kwenda kliniki mara moja kwa wiki hawezi kupewa muda mfupi kuliko wao.

Mwanangu wa kike ana miaka 16, anachezea timu ya shule. Wiki tatu zilizopita alitua vibaya, goti likalia "ko!", likavimba jioni ileile. Tumekuwa tukimkanda kwa maji ya moto na kumchua. Uvimbe umepungua lakini akigeuka goti linamwachia. (Mama, Mwanza)

Pole sana mama, na mpe pole binti. Ulivyoeleza ni jinsi ACL inavyokatika mara nyingi: hakuna aliyemgusa, mlio, uvimbe ndani ya saa chache, halafu goti kuachia. Siwezi kuthibitisha kwa maandishi, lakini sitaki mkae nalo wiki nyingine.

Mkando na kuchua viacheni kwanza. Kwenye siku za mwanzo joto na kuchua huongeza uvimbe, na baadaye hakuna mkono unaoweza kuishika kano iliyokatika ndani ya goti. Sikulaumu. Nyumbani kwetu pia tulikandwa, na kwa maumivu ya misuli ya kawaida mkando una kazi yake. Kinachonitia wasiwasi ni huko kuachia. Kila goti linapomwachia, mifupa inasaga gegedu iliyo katikati, na gegedu ikichanika vibaya ndiyo inayomletea mtu goti la kizee akiwa na miaka 30.

Mko Mwanza, mpelekeni hospitali ya Bugando, muulizie kliniki ya mifupa. Daktari mzoefu anaweza kujua mengi kwa mikono tu, akivuta muundi mbele goti likiwa limekunjwa kidogo, kabla ya kipimo cha MRI. Mkumbusheni umri wake, kwa sababu kama bado anakua namna ya upasuaji inabadilika. Tena si kila ACL inapasuliwa. Kwa sasa asicheze, asikimbie, ila asilale tu. Aanze kukaza misuli ya paja huku mguu umenyooka, mara kadhaa kwa siku.

Wasichana wanapata jeraha hili mara mbili hadi tatu zaidi ya wavulana. Msimu wa 2022/23 Arsenal ya wanawake peke yake ilipoteza wachezaji wanne kwa ACL: Beth Mead, Vivianne Miedema, Leah Williamson na Laura Wienroither. Williamson alikosa Kombe la Dunia la 2023, na mwaka 2025 akabeba Euro akiwa nahodha wa England. Mwambie binti habari hiyo. Na mwalimu wake wa michezo mwambie atafute mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA yaitwayo 11+. Ni dakika 20, hayahitaji kifaa zaidi ya mpira, na yanapunguza majeraha kwa kiasi kikubwa. Inaniuma kuona timu za shule zinaingia uwanjani baada ya kuzunguka goli mara mbili tu.

Beki wangu amevunjika mifupa yote miwili ya muundi. Atacheza tena lini? (Kocha, Arusha)

Kama imewekwa chuma na inaunga vizuri, hesabu miezi 8 hadi 12. Aaron Ramsey alivunjika Februari 2010 akiwa Arsenal, akarudi kucheza Novemba kwa mkopo Nottingham Forest. Luke Shaw alivunjika Septemba 2015, akarudi Julai 2016. Angalia kidonda tu, kocha. Kikitoa usaha au harufu, hospitali siku hiyohiyo.

Kweli Santi Cazorla nusura akatwe mguu? (Msomaji, Muscat)

Kweli. Mechi yake ya mwisho Arsenal ilikuwa Oktoba 2016, na kano ya kisigino ilipopasuliwa kidonda kikaingia vijidudu vilivyokula sentimita kadhaa za kano yenyewe. Alipasuliwa mara nyingi. Daktari mmoja alimwambia ashukuru kama ataweza tena kutembea bustanini na mtoto wake. Ngozi ya kuziba kidonda ilitolewa kwenye mkono wake, pale alipokuwa amechora jina la binti yake, kwa hiyo kipande cha jina hilo kikahamia kwenye kifundo cha mguu.

Mwaka 2018 alirudi kucheza Villarreal. Mwaka 2019 akaitwa tena timu ya taifa ya Hispania. Na Juni 2025, akiwa na miaka 40, alifunga penalti kwenye mechi iliyoipandisha Real Oviedo, klabu ya utoto wake, kwenda La Liga. Ndiyo maana mgonjwa akiniuliza kama mwaka mzima nje ni mwisho wake, Cazorla ni mtu wa kwanza ninayemtaja.

Goti langu limepita vipimo vyote, mwezi wa 11 sasa tangu nipasuliwe. Lakini mpira wa kugombania ukija naurudisha mguu nyuma. Wenzangu wananicheka. (Kiungo, Kigoma)

Hilo ni sehemu ya jeraha, kama uvimbe ulivyokuwa. Uliumia kwenye tukio fulani na mwili unalikumbuka. Niambie uliumia vipi: kwa kugeuka, kutua, au kugongwa? Hilo tukio ndilo tunalolirudia, polepole. Nilikuwa na kiungo aliyeumia akigeuka kushoto. Tulianza kwa kumgeuza kushoto akitembea, bila mpira. Wiki iliyofuata akikimbia. Kisha na mpira, kisha na mimi nimesimama mbele yake bila kumgusa, kisha namsukuma bega kidogo. Ilituchukua wiki sita. Siku moja mazoezini akaingia kwenye mpira wa kugombania, akautoa, akaendelea na mchezo. Mimi ndiye niliyeshtuka, yeye hata hakukumbuka kwamba alikuwa amegeukia kushoto.