Mwili hauzoei dawa: jibu kwa mkulima wa kando ya Nakivubo

SWALI: Daktari, nalima mayuni (magimbi), nakati (mboga ya majani) na sukuma wiki kando ya mfereji wa Nakivubo, upande wa Namuwongo, hapa Kampala, na namwagilia kwa maji ya mfereji huohuo. Nasikia majitaka yana bakteria wasiosikia dawa. Mimi si mtu wa kumeza dawa hovyo, nina miaka sijagusa antibiotiki, kwa hiyo mwili wangu haujazoea. Je, bado niogope? Muuza dawa za kuku amenishauri niweke unga wa tetrasaiklini, antibiotiki ya kuku, kwenye pipa la kumwagilia, uwaue hao bakteria. Kwa pipa la lita 200, niweke vijiko vingapi?

JIBU: Hata kimoja usiweke. Huo unga nitaurudia, maana umenikera kweli. Lakini kwanza nishike neno ulilolipita haraka: "mwili wangu haujazoea." (Na mimi si daktari wa kutibu, ndugu yangu. Ni mtu wa maabara, kazi yangu ni kuotesha bakteria na kuwapima.)

Neno hilo nalisikia kila wiki. Mama ananiambia mwili wa mwanawe umezoea Ampiclox. Bodaboda ananiambia amebadilisha dawa kwa sababu ile ya zamani "imeshazoeana na damu." Mwili hauzoei antibiotiki. Pombe unaweza kuizoea, antibiotiki hapana, kwa sababu dawa hiyo haikulengi wewe, inamlenga bakteria. Aliyebadilika ni yeye. Na hata yeye hakuzoea kama mtu anavyozoea pilipili: kati ya mamilioni walikuwepo wachache wenye njia ya kujikinga, dawa ikawaua wenzao, wakabaki peke yao na chakula chote. Bakteria wa tumboni akipata mazingira mazuri hujigawa kuwa wawili kila dakika 20 hivi. Piga hesabu ya usiku mmoja.

Ungefika mezani kwangu ningekuonyesha. Tunachota maji ya mfereji, tunawaotesha bakteria, tunamtenga E. koli, bakteria wa tumboni, tunampaka kwenye sahani ya agari, jeli ya kumlishia. Juu yake tunapanga vikaratasi vya duara, vidogo kuliko kifungo cha shati, kila kimoja kina dawa yake. Sahani inalala kwenye inkubeta, kabati la joto. Asubuhi, dawa inayofanya kazi huwa imeacha uwanja mweupe kukizunguka kikaratasi chake, kama kiwanja kilichofyekwa. Kwenye ampisilini mara nyingi hakuna uwanja. Utando wa kijivu umeota hadi ukingoni mwa karatasi, na mahali pengine umepanda juu yake.

Sasa jiulize: bakteria huyo wa kwenye sahani amezoeshwa na mwili wa nani? Si wako. Hajawahi kukuingia. Silaha yake aliipata kwingine, na akiingia kinywani mwako leo anaingia nayo. Hiyo miaka yote uliyokaa bila kumeza dawa haimpunguzii chochote. Ndiyo maana neno "kuzoea" linanikasirisha: linamfanya mtu aamini usugu ni deni lake binafsi, kwamba asiyekopa halipi.

Mfereji unapokea kila kitu. Ukimeza amoksilini, zaidi ya nusu hutoka kwenye mkojo ikiwa bado ni dawa. Ongeza maji ya hospitali, ya machinjio, ya mabanda ya kuku, na vyoo vya shimo vinavyofurika mvua ikipiga. Humo wanakutana bakteria wa watu, wa ng'ombe na wa kuku, pamoja na dawa iliyochujuka, haitoshi kuua ila inatosha kuwapa nafasi walio sugu. Nao hupeana silaha. Kuna vipete vidogo vya vinasaba, tunaviita plasmidi, ambavyo bakteria mmoja hunakili na kumpitishia mwenzake wakigusana, hata kama si wa jamii moja. Kipete kimoja chaweza kubeba kinga ya dawa tatu nne kwa mpigo, na wakati mwingine kinga ya madini kama zinki na shaba. Madini hayo ya viwandani nayo yamo mferejini mwako, kwa hiyo hata siku ambayo hakuna dawa majini, mbeba kipete bado ana faida.

Zamani hata sisi wa maabara tulidhani mambo haya ni ya wodini. Kisha mwaka 2011 watafiti wakachapisha walichokuta New Delhi: kinasaba cha NDM-1, kinachompa bakteria uwezo wa kuvunja karibu dawa zote za jamii ya penisilini, kilikuwemo katika sampuli 51 kati ya 171 za maji yaliyotuama mitaani, na katika 2 kati ya 50 za maji ya bomba. Mitaani, si hospitalini.

Utaniambia mbona kuna mitambo ya kusafisha majitaka ya Bugolobi na Lubigi, ule wa Lubigi ukiwa unafanya kazi tangu 2014. Mitambo inasaidia sana, hupunguza idadi ya bakteria kwa kiasi kikubwa. Ila haikujengwa kumsaka sugu, na mengi yanayopita shambani kwako hayakupitia mtambo wowote. Kutoka hapo yanaingia bwawani kwenye magimbi, kisha Ghuba ya Murchison, ambako mitambo ya Ggaba huchota maji ya kunywa ya Kampala. Usikimbie bomba, lakini. Usugu wa dawa si usugu wa klorini wala wa moto. Bakteria anayeicheka antibiotiki kama siprofloksasini hufa kwenye sufuria inayochemka sawasawa na mnyonge wake.

Kwa hiyo, ndiyo, uogope, lakini kwa sababu iliyo sahihi. Unaweza kumbeba bakteria sugu tumboni miezi bila kuumwa. Siku akipenya kwenye kibofu cha mkojo, au kwenye jeraha la jembe, ndipo utachomwa seftriaksoni, sindano ambayo hospitali zetu huikimbilia, na homa isishuke.

Haya, unga. Muuzaji huyo angekuwa mbele yangu ningemuuliza amesomea wapi. Ukimwaga tetrasaiklini kwenye pipa unaua wanyonge na kuwabakiza wababe, halafu unawamwagilia shambani, na kesho unafanya hivyohivyo. Mimi maabara nikitaka kufuga bakteria sugu, hiyo ndiyo njia ninayotumia! Tofauti ni kwamba mimi hufungia sahani kabatini.

Na si yeye tu. Nimesimama kwenye kiduka, nikamwona kijana anamimina rangi mbili, zile kapsuli za antibiotiki, kutoka kwenye kopo, anazihesabu kwa ncha ya kalamu, nne tu kwa sababu mteja ana hela ya nne, anazikunja ndani ya ukurasa wa daftari la hesabu. Kisheria hizo ni dawa za cheti cha daktari. Tumbo likinguruma, Flagyl. Mtoto akiharisha, Flagyl tena, wakati wengi wao wanahitaji ORS (maji ya chumvi na sukari), na zinki kwa siku 10 hadi 14. Homa ikipanda, kipimo cha damu cha Widal, ambacho mara nyingi husema mtu ana typhoid wakati hana, halafu siprofloksasini. Typhoid ipo, sikatai. Mlipuko wa Kampala wa 2015 ulikuwa na washukiwa zaidi ya 10,000, na chanzo kilikuwa maji machafu na juisi za barabarani. Lakini ulitoka majini, na dawa yake ya kwanza ilikuwa maji safi. Mwenye kuku naye anaweka antibiotiki kwenye maji ya kunywa tangu vifaranga wako siku moja, "kinga," anasema, na mayai anauza wiki hiyohiyo. Wote hawa wanaishia kwenye mfereji wako.

Wewe vaa gumbuti na glavu, funika vidonda, nawa kwa sabuni kabla ya kula hata kipande cha muwa shambani. Ukiweza, tumia maji mengine siku za mwisho kabla ya kuvuna, na mwagilia kwenye shina, si juu ya majani. Nakati na sukuma vioshwe kwa maji safi na viive. Mayuni yachemke mpaka katikati. Moto hauondoi yale madini ya viwandani, hilo ni tatizo jingine, na ni sababu ya kutosha ya kutafuta maji mengine kwa mboga za majani.

Kama ulishanunua unga huo, usiumwage chooni, maana unajua choo kinaishia wapi mvua ikinyesha. Ufunge kwenye pakiti yake, umpelekee afisa mifugo wa eneo lako, na umtajie duka ulikoununua.